Kulinda wagonjwa hospitalini: ni huduma, au ni tendo jema tu?

Mshonaji_Katoyi:

Bwana asifiwe, wapendwa. Ninaandika kutoka Katoyi, hapa Goma. Mimi ni fundi cherehani, nimeolewa, na ninasali katika mojawapo ya makanisa ya uamsho ya mtaani kwetu. Jina la kanisa sitalitaja, maana sitaki mtu amwone mchungaji wangu vibaya. Anatupenda, na wakati mgumu hakutukimbia.

Mwezi ujao kuna Jumapili ambapo watumishi wote wa kanisa wataitwa mbele, waombewe na kuwekewa mikono. Kila mwamini ameombwa aandikishe jina lake katika daftari la huduma. Zilizoandikwa ni kwaya, waombezi, protokoli (wanaopokea watu mlangoni), Ekodim (shule ya Jumapili ya watoto), uinjilisti na usafi wa nyumba ya Mungu. Nilipofika kwenye meza ya katibu nikamwambia aniandike "wagonjwa". Akapekua, akaniambia mstari huo haupo.

Niwaeleze ninachokifanya. Alhamisi nafunga cherehani mapema, napita sokoni kutafuta sombe (majani ya muhogo), unga, na sambaza (samaki wadogo) kama bei si kali, halafu nakwenda hospitali. Hospitali zetu mnazijua. Mgonjwa anakuja na mtu wake, tunayemwita mlinzi wa mgonjwa, na huyo mtu wake ndiye anayempikia, anayemfulia, anayemchotea maji, anayekimbia famasi na karatasi ya dawa, na usiku analala chini kando ya kitanda. Muuguzi atadunga sindano na kubadilisha bandeji, lakini bugali haileti yeye. Sasa asiye na mtu afanye nini? Na hao ni wengi. Kuna mama aliyefika kutoka Masisi na risasi mguuni, hajui watoto wake walikimbilia upande gani. Kuna muzee wa Rutshuru ambaye majirani walimleta kwa pikipiki, wakamwachia blanketi, wakarudi kwao. Kuna binti aliyejifungua kwa kupasuliwa, na aliyempa mimba hajaonekana hata mlangoni. Ninapika kule nyuma wanakopikia walinzi wa wagonjwa, ninafua, ninawaogesha wanawake wasioweza kusimama. Nikimaliza, anayetaka tusali tunasali. Mwingine hataki, mwingine ni Mwislamu, naye anapata sahani yake na salamu yake kama wengine.

Basi Alhamisi jioni siko kwenye maombi wala kwenye mazoezi ya kwaya, nami niliimba sauti ya pili kwa muda mrefu. Kiongozi wa waombezi, mama ninayemheshimu sana, aliniketisha akaniambia kwa upole: "Binti yangu, hilo la hospitali ni tendo jema, hata asiyemjua Mungu hulifanya. Huduma ni kile ambacho Roho anakitumia kulijenga kanisa. Usije ukasimama mbele za Bwana na mikono imejaa sombe, na huna hata nafsi moja uliyomletea." Maneno hayo yameniingia. Usiku nayageuza, sipati usingizi.

Mume wangu anasema niandikishe kwaya, mambo yaishe. Lakini nikiandikisha kwaya, Alhamisi itakuwa ya kwaya. Na tangu Januari 2025, vita vilipoingia mjini na benki zikafungwa, waliokuwa wakileta chakula hospitali wamepungua, kila mtu anahangaika na chungu cha nyumbani kwake.

Naomba mnisaidie: huduma katika maisha ya Mkristo ni nini hasa? Lazima iwe na mstari katika daftari? Na kama hili langu ni tendo jema tu, je, Mungu anataka niliache niingie katika huduma yenyewe? Nijibuni kwa Neno. Sitafuti kufarijiwa.

Kijana_wa_Birere:

Yaya, dada yangu, endelea tu. Mwaka jana mama yangu alilazwa, nami nilikuwa nimekwama ng'ambo ya mpaka. Mtu tusiyemjua ndiye aliyempa uji siku zile zote, na mpaka leo hatujui anasali wapi. Mungu anaona, usihangaike na daftari la mtu. Tena mimi nisingesema lolote kanisani. Mkono wa kushoto usijue kazi ya wa kuume.

Shemasi_Majengo:

Binti yangu, umekataa kufarijiwa, basi nitakwenda polepole. Nimekuwa shemasi kwa Wabaptisti tangu ujana wangu, na kazi yangu ilikuwa kufundisha shule ya msingi hadi nilipostaafu.

Nianze na yule mama wa waombezi, maana hakusema upuuzi. Huduma hulijenga kanisa, hapo yuko sawa. Lakini tusome Waefeso 4 kwa utulivu tuone nani anafanya nini. Kristo ametoa mitume, manabii, wainjilisti, wachungaji na walimu, "kwa kusudi la kuwakamilisha watakatifu, hata kazi ya huduma itendeke, hata mwili wa Kristo ujengwe." Mchungaji ametolewa ili watakatifu wakamilishwe, na watakatifu wakishakamilishwa kazi ya huduma inatendeka. Ina maana mahubiri ya Jumapili hayaishii kwenye "Amina" yenu. Yanatakiwa yatokee mlangoni, yaende mahali. Ya kwenu yamefika hadi kitandani pa yule mama wa Masisi, na mchungaji wako anapaswa kumshukuru Mungu kwamba neno lake limezaa.

Pili, habari ya nafsi. Katika Matendo 9, Yafa palikuwa na mwanafunzi jina lake Tabitha, yaani Dorkasi. Luka anamsifu kwa kitu kile kile ulichoambiwa hakitoshi: alikuwa amejaa matendo mema na sadaka alizozitoa. Hatuelezwi kwamba alihubiri. Alipokufa, wajane walisimama karibu na Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Ninakuomba usome sura hiyo ukiwa umekaa kwenye cherehani yako. Petro akapiga magoti, akaomba, Tabitha akafumbua macho. Na Luka anamaliza hivi: ikajulikana katika Yafa yote, na watu wengi wakamwamini Bwana. Nafsi zilikuja. Zilikuja kwa njia ya mwanamke aliyeshona, na ya mtume aliyeomba, na Luka hakuwatenganisha.

Sasa nikuambie niliyoyaona kwa macho yangu, maana ndiyo yaliyonifundisha jambo hili kuliko darasa lolote la mashemasi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu, Nyiragongo, ilipasuka. Wewe ulikuwa mtoto bado. Moto uliteremka ukakata mji katikati, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukameza kanisa kuu la Wakatoliki la Mtakatifu Yosefu, ukashuka hadi ziwani. Watu zaidi ya 100,000 walibaki bila nyumba. Kanisa letu nalo liliungua: mabenchi, vipaza sauti, vinanda, madaftari yote. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na vitu tulivyoweza kubeba kichwani.

Tuliporudi tulikuwa juu ya mawe bado ya moto, kandambili zinayeyuka. Hapakuwa na mimbari wala protokoli, maana hapakuwa na mlango wa kusimamia. Lakini huduma ilikuwepo, nami sijawahi kuiona ikiwa wazi vile. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa na sufuria kubwa ya harusi. Alipika maharage, akapika, akapika. Kulikuwa na kijana aliyekaa na kipande cha katoni akiandika majina ya watoto waliopotea na mahali walipoonekana, na wazazi walikuwa wanamfuata yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Mchungaji wetu alizika wafu, akakaa na waliofiwa, jioni akatusomea Zaburi. Waimbaji waliimba bila vinanda, na ninyi wa kwaya mjue kwamba tuliwahitaji kama tulivyohitaji maharage. Hakuna aliyeuliza nani ana huduma na nani ana tendo jema.

Tangu wakati ule kipimo changu ni kimoja: siku usipofika, nani anabaki bila kitu? Asipofika mchungaji wa kweli, kondoo wanakosa Neno, na hilo ni njaa kubwa. Usipofika wewe Alhamisi, yule muzee wa Rutshuru halali na kitu tumboni. Lakini kuna vyeo vingi mjini kwetu ambavyo mwenye cheo akikosa miezi mitatu, anayepungukiwa ni yeye mwenyewe tu. Nayasema kwa uchungu, maana nimeona vijana wazuri wakipoteza miaka yao wakigombania jina kwenye bango. Wanasema "huduma yangu" kama mtu anavyosema "kiwanja changu". Paulo alimwambia Arkipo: "Iangalie sana huduma ile uliyopewa katika Bwana, ukaitimize." Umepewa, binti yangu. Aliyekupa ni Bwana, na wenye kuidai ni wale walio vitandani.

Kijana wa Birere, hapo pa kunyamaza sikubaliani nawe. Bwana alikataza kutoa sadaka ili tuonekane na watu. Hakukataza kanisa lijue kwamba kuna wagonjwa wasio na mtu. Dada yako asipolisema, ndugu wengine watatimizaje sehemu yao?

Neno la mwisho. Utakapozungumza na yule mama usichukue Mathayo 25, ile ya "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama", kumpiga nayo. Nimeona wengi wanaohudumia maskini wakiwadharau wanaosali. Hiyo nayo inabomoa.

Mchungaji_Minova:

Salamu kutoka Minova. Muzee Shemasi, nimekusoma kwa heshima na mengi nimepokea. Ila hicho kipimo chako kina tundu, na sitaki dada yetu ajenge juu yake.

Kwanza, wako ambao wasipofika hakuna atakayejua. Mwombezi akilala usiku badala ya kuomba, nani asubuhi atasema amepungukiwa? Nabii mke Ana, binti Fanueli, mjane wa miaka 84, hakutoka hekaluni, akiabudu kwa kufunga na kuomba usiku na mchana. Kwa kipimo chako tungemwambia akapike. Pili, kama huduma ni kila jambo ambalo mtu angelikosa, basi dereva wa pikipiki ni mhudumu, muuza samaki wa soko la Kituku ni mhudumu, na aliyefungua famasi ni mhudumu. Neno litapanuka hadi halimshiki mtu tena.

Mimi ninasoma Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, kukawa na manung'uniko. Mitume wakasema haipendezi waliache neno la Mungu wahudumu mezani. Wengi wanasoma hapo wanafikiri meza imedharauliwa. Lakini tazameni walitafuta watu gani wa kushika meza: walioshuhudiwa kuwa wema, wenye kujawa na Roho, na hekima. Kugawa chakula kwa haki kunataka Roho Mtakatifu, hasa pale makabila mawili yanapotazamana kwa shaka. Sisi wa Kivu tunalijua hilo. Halafu nini kilifuata? Mkutano ukawachagua, mitume wakaomba, wakaweka mikono yao juu yao. Walitumwa. Hicho ndicho ninachokiona katika huduma: inatendwa katika jina la Kristo, mwili umeituma, na aliyetumwa anarudi kutoa habari.

Kwa hiyo dada, usiache kwenda hospitali, lakini usiende kama mtu binafsi. Ukiugua wewe, au mkilazimika kukimbia tena, kazi inakufa siku hiyo hiyo. Nenda kwa mchungaji wako, ufuatane na wanawake wawili wanaokubaliana nawe. Usiende kujitetea. Mwombe mambo matatu: mstari katika daftari, mtu wa pili wa kwenda nawe, na dakika chache Jumapili za kueleza kanisa. Nawe ukubali kuulizwa na kuongozwa. Ukikataa kuongozwa, hata kama unaogesha wagonjwa, utakuwa umeanzisha kanisa lako dogo pale hospitali.

Mnaosema hospitali si kazi ya kanisa, tazameni Bukavu. Daktari Denis Mukwege ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Mwenyewe amesimulia jinsi alivyokuwa akimfuata baba yake kuwaombea wagonjwa, na siku moja akamuuliza mbona hatoi dawa. Baba akajibu yeye si daktari. Mtoto akaamua atakuwa. Hospitali ya Panzi ilianza mwaka 1999 chini ya kanisa, jumuiya ya Kipentekoste iitwayo 8 CEPAC. Kabla dunia haijampa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, wanawake wa Kivu walikuwa wamekwisha kujua njia ya Panzi. Baba aliomba, mtoto akapasua, na kanisa likabeba jengo.

Na msisahau: Stefano alichaguliwa kwa ajili ya meza, lakini alikufa akihubiri. Filipo naye akaenda Samaria. Anayeanza na sufuria hajui Bwana atamfikisha wapi.

Mama_wa_Shirika:

Mimi ni Mkatoliki, naomba nafasi kidogo hapa kwa ndugu zetu Waprotestanti. Niko kwenye shirika letu la Himbi, yaani jumuiya yetu ndogo ya kikristo.

Mchungaji wa Minova, nimependa ulivyosema juu ya kutumwa. Kwetu pia ndivyo. Maaskofu wa Kongo walichagua jumuiya ndogo za kikristo tangu 1961, ndiyo maana kwenye shirika kila mmoja ana kazi: wa liturujia, wa maendeleo, wa haki na amani, wa wagonjwa. Mwaka 1972 Papa Paulo VI aliweka huduma za msomaji na akoliti (mtumishi wa altare) zitolewe kwa walei, ila wanaume peke yao. Januari 2021 Papa Fransisko akazifungua kwa wanawake, na Mei mwaka huo huo akaweka huduma ya katekista. Mimi nilifurahi kama mtoto. Makatekista wetu walishika parokia za vijijini miaka yote padri alipokuwa hawezi kufika kwa sababu ya barabara au bunduki. Kanisa lilichukua muda kutamka jina, kazi ilikuwa inaendelea.

Lakini pale uliposema dereva na muuza samaki, sikubali, na sababu yangu ina jina: Floribert Bwana Chui. Alizaliwa hapa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, akaajiriwa OCC, ofisi inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Alikuwa wa Sant'Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki, na muda wake wa mapumziko aliutoa kwa maibobo, wale watoto wa barabarani wanaotusumbua sokoni, wapate shule. Hilo wote tutaliita huduma bila ubishi. Sasa fikirini meza yake ya kazi. Ukaletwa mzigo wa chakula kilichoharibika, akapewa pesa aupitishe. Akakataa, maana kingeliwa na watu. Julai 2007 walimteka wakamuua. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 ametangazwa Mwenyeheri kule Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta. Ametangazwa mfiadini, na alikufa kwa ajili ya kazi aliyokuwa akiifanya kwenye meza ya serikali. Hakuna aliyemwekea mikono kwa kazi hiyo. Nani aliyemtuma? Mimi naamini ubatizo ulimtuma.

Papa Fransisko aliwasimulia vijana habari zake Kinshasa, Februari 2023. Tangu hapo nikimpeleka mtoto wangu dukani, namwonyesha magunia ya mchele, namsimulia habari za Floribert.

Kwa hiyo mimi nitasema hivi: muuza samaki wa Kituku anayekataa kuuza samaki walioharibika kwa mama asiyejua kutazama macho ya samaki, huyo anamtumikia Kristo pale pale sokoni. Kama neno linapanuka, na lipanuke.

Dada Mshonaji, sasa mambo ya mikono, maana nimelinda wagonjwa kwa niaba ya shirika muda mrefu. Ukifika, anza kwa muuguzi mkuu wa chumba, usianze kwa mgonjwa. Aliyepasuliwa usimpe kitu mdomoni kabla muuguzi hajaruhusu, hata kama analia njaa. Mwenye sukari ana chakula chake. Gavana wa kidonda ni muuguzi, wewe usifungue bandeji. Unapoogesha, tafuta glavu, na ukitoka nawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko kabla hujagusa mtoto wako, maana kipindupindu na mpox zinazunguka mji huu. Mgonjwa akikuambia siri ya mambo aliyotendewa vitani, isiwe ushuhuda wa Jumapili. Hata bila jina lake. Mji ni mdogo.

Na mtafute mtu wa siku nyingine. Mgonjwa anakula kila siku, si Alhamisi tu.

Shemasi_Majengo:

Mchungaji wa Minova, kuhusu Ana umesema kweli, na ninalipokea. Maombi yana wanaopungukiwa ambao hatuwaoni. Kuhusu kutumwa pia sina neno. Ninachoshikilia ni hiki: mwili ukichelewa kutuma, mgonjwa asingoje. Wajane wa Yerusalemu walinung'unika kwanza, mitume wakasikia baadaye.

Mshonaji_Katoyi:

Wapendwa, nimerudi. Aksanti sana kwa kila mmoja, nimesoma yote na mume wangu, yeye alisoma kwa sauti.

Nilikwenda kwa mchungaji na mama wawili, kama Mchungaji wa Minova alivyoshauri. Mmoja ni jirani yangu wa duka, mwingine aliwahi kulazwa kule kule. Tulisoma Matendo 6 pamoja naye. Alinyamaza, kisha akauliza wangapi hawana mtu. Nikamtajia ninaowajua. Akasema hataweka mstari kwenye daftari mwezi huu, kwa sababu hataki kuweka mikono juu ya kitu ambacho hajakiona. Atakuja Alhamisi aone. Sikupenda jibu hilo pale pale, lakini nilipolitafakari nimeona ni haki. Naye anawajibika mbele za Mungu kwa anachokibariki.

Kwaya nimeiacha. Nimemwambia kiongozi mwenyewe uso kwa uso, ili asisikie kwa wengine. Ameumia kidogo, nami nimeumia, kwa sababu kuimba nakupenda.

Yule mama wa waombezi hajakubaliana nami. Bado anasema nafsi kwanza. Lakini ameniomba majina ya wagonjwa, ili kundi lake wayashike usiku wa Ijumaa. Nimempa majina ya kwanza tu, na ninyi wa humu mmenisaidia kujua kwa nini.

Limebaki swali moja, nalo linanitatiza. Ndugu wa yule binti aliyepasuliwa wamepatikana, wakaja kutoka Sake, na wakati wa kuondoka wakanipa pesa. Nilikataa, wakakasirika, wakasema namdharau baba yao. Mwishowe nikapokea, ziko kwenye bahasha nyumbani. Je, anayehudumu apokee? Mume wangu anasema mtenda kazi anastahili posho yake, na kweli makala (mkaa) ya Alhamisi tunanunua kwa pesa ya cherehani. Lakini naogopa siku moja nitaanza kumwendea kwanza mgonjwa mwenye ndugu wanaojua kushukuru.

Mchungaji_Minova:

Dada, Paulo aliandika yote mawili katika sura moja, 1 Wakorintho 9: waihubirio Injili wapate riziki kwa Injili, na yeye mwenyewe ametoa bila gharama. Haki ipo, na uhuru wa kutoitumia upo. Hofu yako hiyo ya mwisho ni hofu nzuri, ishike. Wachungaji wengi tungeiomba.

Mama_wa_Shirika:

Kwetu anayekwenda kwa mgonjwa hashiki pesa. Akipewa anasema aksanti, anapeleka kwa mweka hazina wa shirika, inaandikwa. Inanunua sabuni na makala ya wiki inayofuata.

Shemasi_Majengo:

Fanya hivyo hivyo, binti yangu. Mpe daftari yule jirani yako wa duka, bahasha iliyo nyumbani iwe ya kwanza kuandikwa, na mchungaji atakapokuja Alhamisi mwonyeshe. Mwenye kudaiwa na hospitali usipokee chake kabisa, mwambie alipe deni atoke kwanza. Na kuhusu makala: mke wangu ana nusu gunia ambalo hatutalimaliza. Mtume mume wako hapa Majengo kabla ya Alhamisi, aje na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, maana ni zito.